Uliza Sista: Kila tangazo la kazi lina kwao

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali lile lile, "Sista leseni ninayo, simu ninayo, bando ninalo, kazi ya unesi naitafutaje onlaini?" Nimechagua saba, nyingine nimezifupisha maana kuna mtu kaandika mpaka ugomvi wake na wifi yake, pole sana mpenzi lakini hiyo peleka ukurasa wa mahusiano. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni nesi, huu mwaka wa 16, wodi ya wazazi ndo maisha yangu, na kazi nimehama mara nne, mbili kwa bahasha ya kaki na mbili kwa simu ya kupangusa.

Shikamoo sista. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga 2021, Baraza la Uuguzi na Ukunga wamenisajili na leseni ninayo. Toka hapo naomba Ajira Portal, ile tovuti ya kazi za serikali, kila nafasi zikitoka, sijawahi kuitwa usaili hata mara moja, wenzangu niliosoma nao wameitwa. Naambiwa bila mtu wa ndani hupati. Ni kweli? – Msomaji, Kahama

Marahaba mdogo wangu. Hayo ya mtu wa ndani siwezi kukuapia kwamba hayapo duniani, ila kabla hatujamtafuta mchawi nikuulize kitu kimoja, hiyo akaunti alikufungulia nani? Kijana wa stesheneri, si ndio? Nilijua tu.

Mwaka jana binti wa jirani yangu alikuja na kilio kama chako nikamwambia kaa hapa mezani tuifungue wote. Kuifungua tu ilikuwa shughuli, imeli iliyosajiliwa si yake ni ya kijana wa stesheneri, namba ya simu ya kijana, paswedi anayo kijana, na kijana mwenyewe kashahamia Tunduma. Tulimpigia siku mbili ndo akapokea. Tulivyoingia sasa nikaona maajabu. Cheti cha form four kimepigwa picha juu ya kitanda, maua ya shuka yanaonekana pembeni na kidole gumba kimefunika namba ya mtihani. Pale pa cheti cha chuo kapakia transkripti, na pale pa transkripti kapakia transkripti tena. Barua ya maombi haina sahihi na imeandikwa kwa "Mkurugenzi" bila kusema mkurugenzi wa nini. Leseni iliyopo imeshaisha muda, wakati mpya anayo kwenye mkoba, ipo kwenye plastiki kabisa inang'aa! Sasa niambie hapo mtu wa ndani angemsaidia nini.

Kwahiyo anza na yako. Imeli iwe yako, simu iwe yako, ile namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) iwe yako na majina yasomane. Hili la majina linaua watu kimya kimya, form four una majina matatu, chuo wameandika mawili, leseni la kati limefupishwa herufi moja, NIDA herufi moja imekosewa, na mtu anayechambua maombi hawezi kujua kama huyo ni wewe au binamu yako. Kama yanatofautiana tafuta mwanasheria akutengenezee hati ya majina isajiliwe, uiambatanishe. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili, skani vizuri kwa mashine sio kamera ya kitandani. Matokeo ya muda, statementi ya matokeo na zile slipu za form four na form six Sekretarieti ya Ajira hawazitaki, wanaandika kwenye kila tangazo kwa herufi kubwa na bado watu wanazipakia. Barua iende kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na uisaini kwa kalamu kabla ya kuiskani.

Halafu cheo. Wewe wa diploma nafasi yako inaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II. Mwenye cheti ni Muuguzi Daraja la II, mwenye digrii ndo Afisa Muuguzi Daraja la II. Najua mtu akiona "Afisa Muuguzi" linasikika tamu anabonyeza, hapo umeomba kazi ya digrii kwa diploma na unatolewa hata kabla jina halijasomwa. Na usiishie kuangalia jina lako kwenye ile PDF ya walioitwa ukakasirika ukafunga simu, ingia kwenye akaunti yako uangalie hilo ombi lako, mara nyingi sababu ya kutoitwa ipo hapo hapo.

La mwisho kwako, serikali sio mlango pekee. Uko Kahama, Bugando hapo Mwanza wanatangaza nafasi zao wenyewe, KCMC wenyewe, Aga Khan na CCBRT wana kurasa zao za kazi. Mashirika yenye miradi nayo yapo ila saivi pagumu, misaada ya Marekani ilivyokatwa 2025 manesi wengi wa CTC, zile kliniki za wenye VVU, walirudi nyumbani na wote wanatafuta kama wewe, tena wana uzoefu. Na hapa ndo naomba uishike sheria yangu moja, kila tangazo lina kwao. Ukiletewa kwenye grupu la WhatsApp "nafasi 200 za manesi bonyeza hapa" usibonyeze. Linasema la Sekretarieti? Andika mwenyewe anuani ya portal ukaliangalie huko. Linasema la hospitali fulani? Fungua ukurasa wa hospitali hiyo. Ukifika kwao ukalikuta, omba. Usipolikuta huyo ni mtoto wa kuokotwa, mwache alipo.

Sista habari. Kuna ajenti nimempata Telegram ananiambia kuna nafasi za nesi Riyadh, mshahara mzuri, ticketi bure na nyumba bure. Anataka 1,200,000 ya viza na medical, nitume nusu wiki hii maana nafasi zimebaki 3. Amenitumia offer letter ina mhuri. Nitume? – Msomaji, Tabata

Usitume. Ningeweza kuishia hapo lakini nitakusimulia yangu maana najua unavyojisikia, nimekaa hapo ulipokaa.

2013 nilitoa laki tatu na nusu. Ajenti wangu mimi hakuwa wa Telegram, alikuwa na ofisi kabisa yenye zulia na picha ya lile jengo refu la Dubai ukutani, na dada wa mapokezi alinipa maji ya chupa, mimi nikaona hawa watu wako siriasi. Nikapewa barua ya kazi kurasa tatu, logo ya hospitali juu, sahihi chini, hospitali iko Dubai. Niliibeba kwenye bahasha wiki nzima namwonyesha kila mtu. Shemeji yangu aliyewahi kuendesha gari huko ndo aliisoma akaniuliza, "shem, mbona mshahara umeandikwa riyal? Dubai si wanatumia dirham?" Nilikaa chini. Usiku ule ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya toka mwanzo, nikatafuta ukurasa wa hospitali yenyewe, nikawaandikia imeli fupi nikaambatanisha ile barua. Siku mbili wakajibu kwa adabu kabisa kwamba hawana nafasi hiyo na barua haijatoka kwao. Ofisi ya zulia nilivyorudi niliikuta imekuwa saluni. Laki tatu na nusu yangu ilikwenda kununua draya.

Sasa sikiliza njia ya kweli ya Saudia ilivyo ili uone huyo ajenti amekuruka wapi. Nesi wa kutoka nje anahakikiwa vyeti kwanza, kampuni inayofanya inaitwa DataFlow, wanaandikia chuo chako, wanaandikia Baraza, wanaandikia ulipofanyia kazi, kuuliza kama kweli. Kuna mtihani wa kompyuta wa Prometric. Kuna usajili wa Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya, kupitia mfumo wao unaoitwa Mumaris Plus. Mambo hayo yana ada ndio, ila ada inalipwa kwenye mfumo wa taasisi yenyewe, kwenye akaunti yenye jina lako, unapata risiti yako. Hiyo ni tofauti na kumtumia mtu milioni kwa namba ya simu. Huyo wako amekuuliza kuhusu leseni? Amekuuliza una uzoefu wa miaka mingapi, maana matangazo mengi ya huko yanataka angalau miwili baada ya usajili? Hajakuuliza hata wodi unayofanya? Mtu anayetafuta nesi bila kuuliza wodi anatafuta hela mdogo wangu.

Na hizo "nafasi zimebaki 3" ndo lugha yao. Mwaka wangu zilibaki 5.

Kama bado unataka kwenda, na sikukatazi, nina rafiki zangu wako huko wamejenga, basi wakala wa ajira hapa kwetu lazima awe na leseni ya serikali, nenda ofisi ya kazi ya serikali uulize jina lake kama lipo. Mkataba uusome kabla ya kusaini na sio uwanja wa ndege, mshahara umeandikwa sarafu gani (wewe sasa unajua kwanini nasema hivi), masaa, likizo, nani analipa tiketi ya kurudi. Angalia na viza imeandikwa kazi gani. Kuna waliotoka hapa wanajiita manesi, viza inasema mfanyakazi wa ndani, na wakifika ndo kazi yenyewe inakuwa hiyo.

Dada, mimi nipo hospitali binafsi Dodoma mwaka wa 4, nataka kuhama ila patroni wetu (mkuu wa manesi) akijua natafuta atanitia zamu za usiku mpaka nikome. Nafanyaje onlaini bila kujulikana? Na refarii, yule wa kunishuhudia kwenye CV, nimweke nani kama sio yeye? – Nesi wa Dodoma

Hahaha hao mapatroni wote ni ukoo mmoja.

Kwanza usitumie kompyuta ya nesi stesheni. Kuna mwenzangu aliacha imeli yake wazi pale, zamu iliyofuata wote wakasoma "ombi lako limepokelewa" na mpaka mchana jiko lilishajua. Pili kama uko LinkedIn usiwashe ile duara ya kijani kwenye picha, ile kila mtu anaiona, kuna sehemu ya kuchagua waone waajiri wanaotafuta tu. Ila hata hiyo usiiamini kwa asilimia mia kama mkubwa wako wa rasilimali watu naye ni mtu wa mtandaoni.

Refarii si lazima awe patroni wa sasa. Mwalimu wako wa chuo aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo, daktari mnayefanya naye kazi anayejua kufunga mdomo, sista inchaji wako wa zamani aliyehama. Mpigie kwanza umuombe, usimwandike mtu halafu akipigiwa aseme "nani huyo?". Kwenye barua andika sentensi moja kwamba unaomba mwajiri wa sasa asipigiwe mpaka utakapopewa nafasi, ni jambo la kawaida na hakuna atakayekushangaa.

Ukishapata usikimbie usiku. Unalipwa kwa mwezi, kwa sheria yetu ya ajira notisi haipungui siku 28, toa kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Na ukiondoka dai cheti cha utumishi, sheria inamtaka mwajiri akupe hata kama amenuna. Hicho cheti utakuja kukitafuta kwa tochi siku unataka kwenda nje na DataFlow wanataka ushahidi wa hiyo miaka 4.

Sista, nina digrii ya uuguzi, Moshi hapa, internship nimemaliza na leseni nimepata. Nasikia Tanzania tumefungiwa Uingereza. Mbona kuna kampuni inatangaza Facebook kwamba inakusanya manesi wa Tanzania kwenda NHS, zile hospitali za serikali ya kule? – B.

Nakupenda kwa swali hili maana jibu limo ndani yake.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ile ya 2023 ina nchi 55, Tanzania tumo, Uganda, Rwanda na Burundi pia wamo. Uingereza wameichukua hiyo kama orodha nyekundu. Maana yake sio kwamba nesi Mtanzania amepigwa marufuku, maana yake ni kwamba hospitali zao na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kwetu kutuzoa. Wewe mwenyewe ukiamka asubuhi ukaona tangazo la hospitali ya huko kwenye NHS Jobs ukaomba moja kwa moja, hiyo inaruhusiwa. Kwahiyo kampuni inayokwambia "tunakusanya manesi Tanzania kwa ajili ya NHS" imejikamata yenyewe, ama inavunja kanuni ama haina kazi yoyote. Na kanuni hizo hizo zinakataza wakala kumtoza nesi hela ya kutafutiwa kazi, lakini mimi nina wasiwasi ukipiga hiyo namba watakuwa na ada ya fomu.

Njia yenyewe inaanzia NMC, baraza lao la wauguzi. Wanapima Kiingereza, IELTS ya Akademiki unatakiwa 7 kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuongea na 6.5 kuandika, au ufanye OET ambayo manesi wengi wanaipenda zaidi maana maswali ni ya wodini. Kuna mtihani wa kompyuta unaitwa CBT, halafu kuna OSCE ya vitendo na hiyo inafanyika kule kule. Ukiwa umepita Kiingereza na CBT ndo barua yako ya maombi inasomwa kwa macho mawili. Kusema ukweli saivi pamebana, wanaajiri wa kutoka nje wachache kuliko miaka mitatu minne iliyopita. Na akitokea mtu akakuuzia viza ya kulea wazee, ile ya keya, mwambie dirisha hilo kwa waombaji wapya wa kutoka nje lilifungwa Julai 2025. Wapo wanaoliuza mpaka leo.

IELTS anza kujisomea, kuandika ndo kunakoangusha watu wetu, sio kuongea.

Sister habari ya huko. Mimi niko Mombasa, KRCHN (nesi msajiliwa wa afya ya jamii), nafanya kliniki ya mtu mtaani, mshahara unakuja ukipenda. Kwenu nasikia ni portal moja, sisi huku sijui nitafute wapi, nimechoka na ma-link ya Facebook. – Msomaji wa Mombasa

Dadangu pole. Kwenu mlango haukuwa mmoja tangu 2013 afya ilipoenda kwa kaunti, mna milango 47. Kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma na inatangaza kwenye ukurasa wake, kwahiyo usikae na Mombasa peke yake, weka na Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Lamu, kila Jumatatu unazipitia na chai yako, nusu saa imeisha. Zile hospitali kubwa za kitaifa kama Kenyatta na Moi ya Eldoret zinatangaza zenyewe. Soma vizuri kama nafasi ni P na P (ya kudumu yenye pensheni) au ni mkataba, manesi wenu wa mkataba wa UHC, ule mpango wa afya kwa wote, wamelia vya kutosha kila mtu akasikia.

Leseni ya Nursing Council iwe hai sio iliyoisha muda, na zile karatasi zenu za kodi (KRA), mkopo wa chuo (HELB), polisi (DCI), maadili (EACC) na madeni (CRB) anza kuzifuatilia mapema, wengine huzitaka mwanzo wengine ukishachaguliwa lakini ukizisubiri hadi uitwe utalia. Ya nje ikikujia, ajenti mwangalie kwenye orodha ya NEA, mamlaka yenu ya ajira. Ujerumani mlisaini nao makubaliano Septemba 2024 na watu wengi wamechangamka, lakini Kijerumani hakina njia ya mkato, mtu akikuambia utaenda kujifunza huko huko baada ya kulipa, mwambie atangulie yeye.

Na huyo mwenye kliniki, mshahara ambao "unakuja ukipenda" muandikie kila mwezi usipokuja. Meseji tu. Utazihitaji.

Assalaam alaykum. Nimemfuata mume wangu Muscat, niko kwa viza ya familia, nina diploma ya uuguzi ya Zanzibar na miaka 5 ya kazi. Naweza kuomba kazi kwa simu nikiwa hapa hapa? – Umm wawili

Waalaykum salaam. Kuomba unaweza leo, kuanza kazi huwezi, viza ya familia sio kibali cha kazi, mwajiri akishakukubali ndo anashughulikia kubadilisha. Lakini usisubiri mwajiri kuanza makaratasi. Huko nako ni DataFlow na mtihani wa leseni, kwahiyo agiza nyumbani cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza lililokusajili na barua za uzoefu kutoka ulipofanya kazi, zenye tarehe kamili, sio "alifanya kazi nasi kwa muda mrefu". Mtu wa kukufuatilia huko nyumbani mtafute asiye mvivu.

Kwenye CV usisahau kuandika Kiswahili. Watu wanaona aibu kukiandika sijui kwanini. Muscat hapo kuna mabibi wa Kiomani waliozaliwa Unguja, Kiarabu wanakijua lakini wakiumwa usiku wanaita kwa Kiswahili, na hospitali inayopokea wazee wa namna hiyo ikiona nesi anayemwelewa bibi anasema wapi panauma, imeshapata sababu ya kukupigia simu.

Sista nimeitwa usaili wa video!!! Hospitali ni ya Nairobi, sijawahi kufanya interview ya namna hii, naishi chumba kimoja na wanangu wawili. Nivae nini? Watauliza nini? – Mama Junia, Arusha

Hongera sana mama! Kabla ya nguo, umeshaenda kwao? Yaani ile linki ya usaili imetoka kwenye imeli yenye jina la hospitali, na nafasi uliiona kwenye ukurasa wao? Kama ndio, tuendelee.

Vaa kama unaenda, mpaka chini, kuna siku utasimama kufunga dirisha. Kaa uso uelekee dirishani, ukilipa dirisha mgongo wanaona kivuli tu kinaongea. Simu usiishike, iegemeze kwenye vitabu usawa wa macho. Bando nunua la siku nzima, watoto wapeleke kwa jirani na umwambie saa ngapi, maana jirani naye ana mambo yake. Fanya majaribio usiku mmoja kabla na rafiki, mkae dakika ishirini mjue simu inapata moto au la.

Maswali yatakuwa ya wodini kuliko unavyodhani. Jina na historia yako dakika mbili, halafu utaona: mama amejifungua anatokwa damu nyingi unaanza na nini, hesabu ya matone ya dripu, mgonjwa kapewa dozi ambayo sio yake na aliyekosea ni mwenzako, unafanyaje. Hilo la mwisho usiruke, wanataka kusikia kwamba mgonjwa kwanza anaangaliwa, daktari anaambiwa, inaandikwa. Usiseme "ningemfichia mwenzangu", ingawa najua unampenda. Uliza na wewe: uwiano wa nesi na wagonjwa zamu ya usiku, na kwa sababu ni Kenya uliza nani anagharamia kibali chako cha kazi na usajili wako kwenye baraza la kule, leseni ya Tanzania haikuruhusu kushika sindano Nairobi.

Na kuku. Usaili wangu wa kwanza wa video nilikuwa kwa mama mkwe, nimeulizwa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, nimeanza vizuri, "gramu 4 kwenye mshipa taratibu", jogoo akawika mlangoni kama amelipwa. Nikanyamaza. Akawika tena. Yule daktari wa jopo akasema, "endelea sista, mwenzako anasema bado". Nikamalizia gramu 10 za msuli, 5 kila upande, wakacheka wote. Kazi niliipata, ila wewe mfunge mbali.